Gazeti Kiunoni

Fundi wa magauni pale Isingiro alitumia karatasi za kukatia za zamani, zilizoachwa na masista, zote za umbo la mwanamke mwembamba. Kila mteja alimlazimu kuzipasua katikati, kuzitanua, na kuziba pengo kwa kipande cha gazeti kilichopakwa uji wa muhogo. Pini alizibana midomoni, na kila kipimo alikitamka kwa sauti asije akakisahau. Lakini siku Anatolia alipoletwa na mama wa bwana arusi kupimiwa gauni la arusi kwa mara ya pili, futi ilipozunguka kiuno fundi alinyamaza. Akaizungusha tena, taratibu. Binti alikuwa amebana pumzi.

“Fundi, mbona husemi?” mama akauliza kutoka kigodani.

“Kiuno ni kilekile cha siku ile ya kwanza, mama.”

Akaiinamia meza haraka, akamgeuzia mama mgongo, akabandika gazeti kiunoni mwa karatasi, pana kuliko alivyowahi kubandika. Akasikia kigoda kikisogezwa, kisha mama akawa amesimama begani pake, akilitazama lile gazeti kwa muda mrefu.

“Ongeza tena,” mama akasema kwa sauti ya chini. “Arusi bado iko mbali.”