Nilivyookoa somo la programming Tabora kwa kuwapanga watani

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, hapa hapa Tabora, na sina sababu ya kuongeza chumvi.

Nafundisha programming chuo kimoja mjini. Wanafunzi wangu ni wa baiolojia, watu wa darubini na vipimo. Mkuu wa chuo alishanionya: mwisho wa muhula wasipoonyesha kitu cha maana, somo linafutwa.

Nikawapanga wawili wawili. Mmoja anaandika code, mwenzake anakagua na kusema palipokosewa.

Wapi! Mkaguzi anaona kosa, anameza mate. "Sawa tu dada, vizuri." Huku kwetu kumkosoa mtu mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima. Program zikawa zinagoma kila siku, na mimi presha juu.

Siku moja kantini nikamsikia Mwajuma, Mzaramo, akimchamba Kabula, Mnyamwezi wa Sikonge, kwa anavyobugia ugali. Kabula anacheka tu.

Kwa msiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo kwenda pwani. Mtani hakasirikiwi, hata akuseme vipi, na karibu kila kabila lina watani wake.

Kesho yake nikapangua darasa zima. Kila mtu akae na mtani wake!

Darasa likawa soko, lakini code zikaanza kunyooka.

Ikafika siku ya mkuu kuja kukagua. Kabula akaonyesha program ya kukokotoa wastani wa maji kwenye asali ya kwao. Ikatoa asilimia mia na themanini.

"Mtani, hiyo asali au bwawa la Igombe?" Mwajuma akapaza sauti. "Sampuli ishirini, wewe unagawanya kwa mbili! Mlizoea kubeba mizigo, hesabu mlimwachia nani?"

"Nyamaza, mcheza ngoma wewe!" Kabula akajibu huku anarekebisha. Ikatoka kumi na nane.

Darasa zima likapiga makofi. Wakuu, nilijivunia wale vijana mpaka machozi yakanilenga.

Mkuu akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Mwalimu, wewe si Mnyamwezi? Mimi Mzaramo. Kaa hapa uandike, nikukosoe. Muhula ujao nataka na mimi niwe nimejua."

Nilichojifunza: watu hujifunza wakiwa huru kukosoana bila kinyongo. Walimu wenzangu, ninyi mnafanyaje? Na Wazaramo mliomo humu, njooni mnichambe, nimeshazoea.