Romanus Ndimbo na Tumbo la Mitumba

Romanus Ndimbo alikuwa na tumbo ambalo Mbinga nzima ililiamini. Halikuwa tumbo la mtu binafsi. Lilikuwa mali ya umma, kama saa ya kanisani, ila lenyewe lilifanya kazi. Asubuhi lilimtangulia kuingia bandani, likakaa mbele ya moto, na mteja akiliona tu alijua nyama ya hapa haina neno. Banda halikuwa na kibao. Kibao cha nini?

Ilikuwa miaka ile serikali ilipochoka kufanya biashara ikawaachia wenye biashara zao. Makampuni ya watu binafsi yakapanda milimani kununua kahawa, yakalipa papo hapo, wakati chama cha ushirika kilishatuzoesha kulipwa ahadi. Sisi Wamatengo tuliokuwa tunakula maharage mwaka mzima na nyama siku ya Noeli, tukagundua kwamba Noeli inaweza kuja kila Jumamosi. Tukamkimbilia Romanus. Kitimoto, yaani nguruwe wa kuchoma, kwa kilo, ndizi pembeni, pilipili, na chumvi ya kumwaga.

Na kwa kuwa sisi ni watu tusioamini chakula cha mtu, ilikuwepo desturi. Mwenye nyama anakata kipande cha kwanza, anakila mbele ya mteja, anameza, anatazamwa kidogo. Asipoanguka, mnaendelea. Hivyo Romanus alionja sahani baada ya sahani, kutwa. Hakuna mtu Mbinga aliyekula nguruwe wengi kama yeye, na wote aliwala kwa niaba yetu.

Siku moja mdomo ukamwendea upande. Alikuwa anamkaribisha Hamphrey, mwenye mashine ya kusaga na mteja wake mkubwa, na neno "karibu" likatokea shavuni, nusu. Kesho yake mdomo ulirudi mahali pake, lakini mkewe, Tadea, alikuwa ameshamfikisha hospitali ya misheni. Sista Serafina akampima presha, akatikisa mashine kidogo, akapima tena.

"Baba yako alikufaje?" akauliza.

"Alianguka tu, Sista."

"Akiwa na umri gani?"

Romanus akautaja, na wakati anautaja akasikia kwamba ndio umri wake mwenyewe.

"Basi na wewe umeshaanza kuanguka," Sista akasema. "Bado kufika chini."

Masharti yakafuata. Nguruwe basi, chumvi basi, pombe basi. Ale maharage, mboga za majani, magimbi, matunda. Atembee kwa miguu. Na kila asubuhi akae mahali penye utulivu, afumbe macho, avute pumzi polepole, na asiwaze biashara.

Romanus alitii, si kwa utakatifu bali kwa woga. Tadea alimpikia likolo, majani ya maboga na mnavu, bila chumvi, naye akala kama mbuzi aliyehukumiwa. Lakini mvua zilipokaribia kwisha, mtu huyu alikuwa anapanda kilima cha shambani kwake bila kusimama njiani kuwalaumu mababu waliochagua kuishi milimani. Kichwa kiliacha kugonga. Asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu, akakutana na miguu yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameonana nayo kwa miaka, akafurahi sana. Sista akapima presha, akatabasamu. Tumbo lilikuwa limeondoka bila kuaga.

Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Miaka hiyo mtu akikonda hakuulizwa anakula nini. Aliulizwa alikuwa na nani. UKIMWI ulikuwa umefika kila kata, na sisi tusio na darubini tulikuwa na kipimo chetu: mshipi wa suruali. Romanus alipotoboa tundu jipya kwenye mshipi, tulijua. Alipotoboa la pili, tulianza kumsamehe maneno ya zamani aliyotukosea. Wengine walimsalimu kwa sauti ya chini, ile ya kuingilia msibani.

Zile pumzi nazo zikamponza. Alikwenda kuzivutia shambani, kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Alikaa ukingoni mwa shimo, amefumba macho, ametulia kabisa. Hamphrey akapita njiani akamwona. Kufikia mchana mji mzima ulikuwa umeambiwa kwamba Romanus anachagua mahali pa kulala.

Alijaribu kusema kweli. Aliwaambia wateja kwamba mganga mkuu ni Sista, na Sista amesema nguruwe atamuua. Ni kauli ya busara, ila si ya muuza nguruwe. Watu waliweka vipande chini. Akajaribu kumwonjesha Tadea badala yake, ikawa mbaya zaidi, maana kila mtu alijiuliza mume amejua nini hata anamtanguliza mke. Ndani ya muda mfupi wateja walihamia banda la karibu na soko, ambako mwenye nyama alikuwa na mashavu.

Kisha mdogo wake, Nazari, akapanda kutoka Mbamba Bay. Nazari alikuwa fundi wa boti kule ziwani, mtu mwema, mwenye haya. Alishuka kwenye lori akiwa na mzigo wa zawadi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, na mbao nzuri, ndefu, zilizopigwa randa.

"Mbao za nini, mdogo wangu?" Romanus akamuuliza.

"Za boti."

"Hapa Mbinga?"

Nazari akaitazama milima, mmoja mmoja, akitafuta ziwa. "Huwezi kujua, kaka," akasema, na macho yake yakampima Romanus kutoka utosini hadi kisiginoni.

Usiku huo Romanus alikula maharage yake huku mbao zimeegemezwa ukutani zikimtazama. Akila nyama anakufa. Asipokula ameshakufa, na mbao zimefika. Alimwambia Tadea kwamba kesho atakula kilo nzima hadharani, liwalo na liwe.

"Utakula kaburi lako," Tadea akasema. "Watu wanataka tumbo, baba. Hawajasema liwe la nani."

Asubuhi Tadea alikwenda kwenye marobota ya mitumba. Soko huria lilikuwa limetuletea mavazi ya watu wa nchi za theluji, na Mbinga ya mwezi wa sita ina baridi ya kumfanya mtu avae chochote bila kuulizwa. Romanus akavaa sweta la shule, juu yake koti la mwanamke lenye vifungo vya dhahabu, juu yake koti la jeshi lisilojulikana, na juu ya yote koti zito jeusi lenye manyoya shingoni. Akaingia bandani. Wateja wakachungulia. Tumbo limerudi.

Walirudi nao, wakisema amepata dawa nzuri, na kila mmoja akimtaja mganga wake. Kuhusu kuonja, Romanus alijifunza ufundi: anaweka kipande mdomoni, anatafuna kwa sauti, anageukia moto, anakohoa, na kipande kinaingia ndani ya mkono wa koti. Jioni Tadea alikung'uta makoti nyuma ya nyumba, na mbwa wao akanenepa kwa niaba ya ukoo mzima. Nazari hakuondoka. Alisema anasubiri lori.

Baridi ikaisha. Mwezi wa kumi jua la Mbinga lilikuja kama mdai, na Romanus akabaki ndani ya makoti. Kuvua hakuweza, angekonda mbele za watu kwa dakika moja. Alichoma nyama huku yeye mwenyewe anachomeka. Saa yake pekee ya kuwa na mwili wake ilikuwa alfajiri, pale kwenye ngolo. Alivua koti moja moja, akaliweka nyasini, akavuta pumzi, upepo ukampita mbavuni. Kisha akavaa tumbo lake akashuka mjini.

Kumbuka mikono ya makoti yale ilikuwa imenyweshwa mafuta ya nguruwe miezi minne. Jumamosi moja, banda limejaa, Romanus aliinama kugeuza mbavu, cheche ikaruka, na mkono wake ukawaka kama utambi wa koroboi.

Hamphrey alimrukia, na hapo lazima tumpe haki yake. Alilivuta lile koti jeusi likatoka. Chini yake kulikuwa na la jeshi, nalo linawaka. Akalitoa. Lile la vifungo vya dhahabu lilimshtua, lakini hakuacha. Mtu mwingine akammwagia mtungi wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sweta likachanika, na pale katikati ya banda akabaki Romanus Ndimbo, kifua wazi, mwembamba, misuli imejipanga kama ya mbeba mizigo, ngozi haina hata upele. Vipande vya nyama vya siku ile vilitawanyika sakafuni kumzunguka. Mbwa akaingia, akaanza kazi.

Watu walitazama nyama, wakamtazama yeye. Romanus akafungua mdomo aseme kweli mara ya pili, akawaona wanaziangalia sahani zao. Kweli ile ingelifunga banda jioni hiyohiyo. Akaufumba.

Tadea ndiye aliyesema. "Ni ubahili tu, jamani. Anaficha mpaka kipande cha kuonja. Mimi nimeolewa naye, najua nyumbani tunakula nini."

Kisha Hamphrey akacheka hadi akakaa. Na banda zima likafuata, kwa furaha ya watu waliopata ufumbuzi, maana sisi bahili tunamlaumu mchana na usiku tunamwonea wivu. Mtu anayejinyima nyama yake mwenyewe hadi akakonda, nyama hiyo lazima iwe nzuri mno. Wakaagiza nyingine. Kuonja akaachiwa Tadea, kwa kuwa ilieleweka kwamba mume inamuuma.

Nazari aligeuza zile mbao kuwa mabenchi ya banda, kwa haraka kidogo, akateremka ziwani.

Romanus bado anauza asichokula na kula asichoweza kukisema. Amejaribu, kwa siri, kuwashauri wateja wawili watatu waongeze mboga. Walimwambia asiwafundishe ubahili.

Alfajiri bado anakaa ukingoni mwa ngolo, amefumba macho. Juzi Hamphrey alipita, amenenepa siku hizi, akasimama njiani kupumzika kabla ya kuongea.

"Unazihesabu hela zako, mzee?" akauliza.

"Nazihesabu," Romanus akajibu, na akavuta pumzi nyingine.