Kura za Kitabu cha Mwalimu Wangu

Kwa miaka mingi nilijizoeza maneno nitakayomwambia mwalimu wangu wa Kiingereza siku nitakapokutana naye. Niliyasema nikifua, niliyasema nikisubiri gari Mlandizi, na mara moja niliyasema kwa sauti jikoni hadi mume wangu akauliza nagombana na nani. Nikamwambia sigombani na mtu. Ilikuwa kweli, maana mtu mwenyewe hakuwepo.

Alinifundisha kidato cha tatu, Kisarawe. Kwetu ni Kurui, na kwa kuwa shule ilikuwa mbali nilikaa kwa shangazi mjini, mwisho wa wiki nikirudi kumsaidia baba shambani. Mwalimu huyo alikuwa hajafika arobaini. Shati lilikuwa limenyooka siku zote, chaki aliishika kwa ncha za vidole, na Kiingereza chake kilitufanya tukae wima. Hilo sitamnyima. Tulimwogopa, na wakati huohuo tulitaka tuwe kama yeye.

Muhula wa pili alikuja darasani na katoni ya vitabu vya hadithi. Akasema tutachagua kimoja tukisome pamoja, sura kwa sura, kila Ijumaa. Anayetaka achukue kimoja akakisome, kisha aje mbele akitetee kwa Kiingereza, na darasa likishawasikia wote litapiga kura. Nilichukua kilichokuwa hakina jalada kwa sababu vingine vilishanyakuliwa. Kilikuwa kisa cha mwanamke anayefuga nyuki kwenye kisiwa kidogo ziwani. Nilikisoma peke yangu kwa shangazi, halafu nikakipeleka Kurui nikamsomea baba kwa Kiswahili, nikitafsiri huku yeye anamenya mihogo. Baba hakufika mbali shuleni, lakini alijua kusikiliza. Kila nilipofunga kitabu aliniuliza kama yule mama atavuka salama, nami nilikataa kumwambia.

Kwa hiyo siku ya kukitetea nilikwenda mbele nikiwa na uhakika. Neno la Kiingereza la kisiwa lina herufi s ambayo haitamkwi. Mimi nilikuwa nalijua kwa macho tu, sijawahi kulisikia, nikalitamka na s yake yote: islandi. Mwalimu akanyoosha mkono kunikatiza. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena, safari hii kwa upole, nami nikadhani hajasikia vizuri, nikaongeza sauti. Darasa likaangua kicheko. Akaliandika ubaoni kama nilivyolitamka, akawaambia wote waitikie kwa pamoja, mara tatu, kama watoto wa chekechea, na mimi nimesimama palepale na kitabu changu kifuani. Kisha akakichukua, akakirudisha kwenye katoni bila kukipigia kura. Siku zote alisema nasi Kiingereza, lakini hapo alihamia Kiswahili ili asiwepo wa kukosa.

"Kitabu hakichaguliwi na mtu asiyeweza kukitamka," alisema. "Huyu arudi Kurui akachague mihogo."

Islandi likawa jina langu. Waliniita hivyo mstarini, wakaniita hivyo kisimani, na mwanafunzi mmoja wa kijijini kwetu akalifikisha hadi Kurui. Baba alilisikia akaniuliza maana yake. Ningemwambia nini? Nilimwambia kwamba kwa Kiingereza ni mtu aliyesoma sana. Alifurahi. Tangu siku ile naye akaanza kuniita hivyo, kwa mapenzi, akinitambulisha kwa wageni, na mimi siku zote niliitika. Aliniita hivyo hadi hospitali, siku zake za mwisho, mbele ya wauguzi. Watu wakiniambia yaliyopita si ndwele, hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewa.

Nilisoma kwa hasira. Sijui kama ipo njia bora zaidi, mimi niliijua hiyo. Nilifaulu, nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa Kiingereza, na sasa nafundisha kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya Kibaha. Vitabu vya mtihani hupangwa huko juu, hatuna la kusema. Lakini mkuu wa shule aliniruhusu kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma kitabu cha nje ya mtihani, kitakachochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Niliwasikiliza wote, na hakuna aliyetamka vibaya akachekwa mbele yangu. Nilijivunia hilo.

Mwaka juzi, siku ya Jumatatu, mlinzi alikuja kuniambia kuna mzee ananiulizia. Nilimkuta kwenye baraza la ofisi ya walimu, ameketi na mkoba mapajani. Nilimtambua kabla hajainua uso, kwa jinsi vidole vyake vilivyoushika mkoba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mama, akasimama kwa shida kidogo. Hakunitambua. Natumia jina la mume wangu, navaa mtandio, na mwili umeongezeka. Alieleza kwamba ni mwalimu mstaafu, anaishi Kisarawe, na ameandika riwaya kwa Kiingereza. Alikuwa amesikia kuwa shuleni kwetu wanafunzi huchagua kitabu cha kusoma pamoja, akaja na nakala tano, tukipenda tukifikirie pamoja na vingine. Alisema shule mbili zilimkatalia hata kumsikiliza. Nilizipokea zile nakala kwa mikono miwili na kumwambia arudi baada ya wiki tatu. Maneno yangu yote ya jikoni nilikuwa nayo, nikayameza. Niliona kuna kitu kizuri zaidi ya maneno.

Jumamosi nilikaa uani kukisoma, nikiomba kiwe kibaya. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Kilikuwa kisa cha mjane anayegoma kuuza mikorosho aliyopanda na mumewe, na watoto wake wanaokuja mmoja mmoja kumshawishi. Kulikuwa na makosa mawili ya herufi kwenye sura ya kwanza, nikayazungushia duara kwa furaha. Kufikia sura ya nne nilikuwa nimecheka mara mbili, na kalamu sikujua nimeiweka wapi. Yule mjane alikuwa anaongea kama wanawake wa kwetu, kwa Kiingereza chepesi kisicho na madaha. Mtu aliyenifukuza nikachague mihogo alikuwa amekaa chini akaandika watu wa mihogo, na aliwaandika vizuri. Sikumbuki lini nimewahi kukasirika kiasi kile.

Vitabu vya kupigiwa kura vilikuwa vinne. Niligawa darasa, kila kundi likasoma mwanzo wa kila kitabu, kisha wakaja watetezi. Cha mwalimu wangu kilitetewa na msichana aliyekuwa kiongozi wa darasa, mtoto wa wafugaji wa Magindu, mkimya kwa kawaida. Alisema bibi yake aliwahi kubanwa hivyohivyo, kwa ng'ombe badala ya mikorosho, na kwamba hakujua kama jambo kama hilo linaweza kuandikwa kwa Kiingereza. Hakusema mengi zaidi. Wenzake wakaandika kura zao kwenye vikaratasi, naye akazikusanya kwenye boksi la chaki akaniletea ofisini.

Nilizihesabu peke yangu. Kitabu chake kiliviacha vingine mbali, hakukuwa hata na ushindani. Nikazihesabu tena. Halafu nikazikunja zote pamoja, nikazitia kwenye mkoba wangu, nikarudi darasani kutangaza kwamba kimeshinda kile cha upelelezi, ambacho sikumbuki kama hata kilipata kura za meza moja. Palipita mnong'ono. Yule msichana wa Magindu aliniangalia, akainamisha uso kwenye daftari lake.

Mzee alirudi siku aliyoahidi, mapema, viatu vimepigwa rangi. Nilimkaribisha kwenye benchi lilelile, nikamwambia wanafunzi hawakukichagua. Akauliza walisema nini. Angeweza kuishia hapo, na mimi ningeweza kuishia hapo, lakini nilimwambia walisema kinachosha. Niliona neno lilivyomwingia. Alitazama mikono yake, akapapasa mkoba kama aliyepoteza kitu. Kuna watu husema kisasi hakina ladha. Wanadanganya, au hawajawahi kulipa. Kilikuwa kitamu, nami nilikaa pale nikakionja taratibu.

Kisha nikataka ajue kimetoka wapi. Nikamtajia shule, mwaka, katoni ya vitabu, lile neno. Nilitazamia ashtuke, au aseme hakumbuki, na majibu ya yote mawili nilikuwa nayo tayari. Badala yake uso wake ulichangamka.

"Wewe ndiye yule," alisema. "Nimewasimulia watu wengi habari zako. Niliposikia umekwenda chuo kusomea Kiingereza niliwaambia wenzangu, huyo ni wangu, nilimkaza mimi. Ukali wangu ndio uliokutoa Kurui."

Alikuwa hatanii. Alikuwa amenibeba miaka yote ile kama ushahidi wa ualimu wake. Nilikuwa nimemchoma kisu, naye anaushika mpini na kunionyesha kwamba aliuchonga yeye. Nikamwambia kwamba baba yangu alikufa akiniita jina lile, akidhani ni la heshima kwa sababu niliona aibu kumwambia ukweli.

"Sikujua hilo," alisema. Akafikiri kidogo. "Lakini ulifika."

Alinyanyuka, akaomba zile nakala tano zibaki maktabani, hata kama hazisomwi, halafu akaenda zake.

Siku mbili baadaye msichana wa Magindu alikuja ofisini. Aliniamkia, akabaki amesimama karibu na mlango. Nikamuuliza ana shida gani.

"Madamu," alisema, "tulizihesabu. Mimi na mwenzangu, kabla sijakuletea."

Nilimuuliza anataka kusema nini. Akasema hataki kusema chochote, alitaka nijue tu kwamba walihesabu. Nikamwambia arudi darasani. Aliondoka kwa adabu, akaufunga mlango polepole, na mimi nikabaki nimemkasirikia yeye kwa saa nzima, kana kwamba ndiye aliyeiba kura.

Tukaanza kusoma kitabu cha upelelezi. Wiki ya kwanza walikisoma kama wanavyokariri taratibu za bweni. Wiki ya pili nilimwambia msichana asome, akasoma, kila neno mahali pake, hana kosa hata moja na hana uhai. Wenzake walikuwa wamekwisha kujua, niliona. Hawakunifanyia utovu wa nidhamu. Walikaa tu na kunipa nilichoomba, hakuna zaidi. Nilimlipa mzee, lakini nilikuwa nimewakata mkono watoto ambao hawakunikosea.

Ijumaa ya tatu niliingia na zile nakala tano nikaziweka mezani. Nikawaambia nilibadilisha matokeo, kwamba walichokichagua ni hiki, na kwamba nawaomba radhi. Waliangaliana. Mmoja wa nyuma akauliza kwa nini nilifanya hivyo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, nikaona hayana kazi.

"Kwa sababu simpendi aliyekiandika," nikasema.

Msichana wa Magindu alinyoosha mkono, mara ya kwanza tangu siku ile. Aliuliza kama kitabu chenyewe nakiona kibaya. Nikasema hapana, ni kizuri. Akasema basi tusome. Tukasoma, watu kadhaa kwa nakala moja, vichwa vimegusana, na wakabishana juu ya yule mjane hadi kengele inalia hawainuki. Niliwapa hata yale makosa mawili wayatafute wenyewe. Walipata matatu.

Kwa wanafunzi nimelipa deni langu. Kwa mzee sikutuma salamu wala barua. Mkuu wa shule aliposikia tulivyokifurahia alipendekeza tumwalike aje azungumze nao, mimi nikasema nimesikia mzee hasafiri tena. Huo nao ulikuwa uongo. Nimeshajiuliza mara nyingi kama ni dhambi kumnyima mtu habari njema, na nafikiri ni dhambi, na bado namnyima.

Mwaka huu, baada ya mfungo, nilikwenda Kisarawe kwenye hitima ya shangazi yangu. Mzee alikuwepo, kumbe siku hizi ni jirani wa familia. Amepungua, sasa anatembea na fimbo. Baada ya chakula alikuja kwenye upande wa wanawake kunisalimia, wenzangu wakanipisha. Hakutaja yaliyopita. Aliuliza habari za shule, za mvua za Kibaha, za mitaala inayobadilika kila leo. Mwishowe, kana kwamba imemjia tu, akauliza zile nakala bado zipo.

Nilizikumbuka zilivyo sasa: mgongo wa moja umeachia, nyingine imeandikwa pembeni na mikono minne tofauti, ya tatu ilipelekwa Magindu likizo ikarudi inanuka moshi.

"Zipo kabatini," nikamwambia. "Hazijaguswa."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniaga, akashika njia ya kwake akipima kila hatua. Nilikunja mikono ya gauni nikaenda uani, walikokuwa wanaosha masufuria, nikaomba nafasi.