Maksai wa Mzee Khaoya na Lango la Shamba Kubwa

Nje ya Kitale, kijiji kizima kilikuwa kimeacha kulima kwa ng'ombe. Watu walingoja trekta la shamba kubwa la jirani, lenye nyumba ya mawe na njia ya mikaratusi iliyopandwa na mzungu. Vijana waliona nira ni aibu. Mzee Khaoya peke yake alibaki na maksai wanne, tena meneja wa shamba alimkataza kuwapitisha lango kubwa, chini ya mikaratusi ile, ati watachafua njia. Mwanawe alikuwa ameshapatana na mwenye bucha awachukue Jumamosi.

Ijumaa, baada ya mvua kubwa, trekta lilizama bondeni. Kadiri lilivyonguruma ndivyo lilivyozidi kudidimia. Meneja Kiarie akaja kwa Khaoya, viatu mkononi.

"Mzee, tusaidie bana. Hao ng'ombe bado wana nguvu?"

"Si ulisema ni nyama tu?"

"Nilikuwa natania, mzee wangu."

"Basi twende ukatanie ndani ya tope."

Khaoya akafunga nira na mnyororo. Hakushika mjeledi. Aliwaita Wembe na Kanali, wale wa mbele, kwa majina, kama baba yake alivyowaita wake enzi zile ng'ombe walipokuwa watu wa nyumbani. Wakainamisha vichwa, mnyororo ukakazika, trekta likatoka.

"Nikupe nini, mzee?"

"Fungua lango kubwa."

Wakarudi kwa njia ya mikaratusi, polepole, wakinya walipopenda, kijiji kikishangilia. Mwanawe alikuwa tayari kwenye simu, akimwambia mwenye bucha asije.