Kanzu Nane

Mke wangu alifua kanzu za ubatizo za makanisa matano kwa miaka minne, na yeye mwenyewe hakubatizwa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, ili anayesoma asije akatumaini kama nilivyotumaini mimi.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili. Nilikuwa karani katika ghala la ngano karibu na stesheni ya Eldoret, mji ambao wengi wetu bado tuliuita Sikisti Foo, kwa namba ya shamba lililokuwa pale kabla ya maduka. Mimi na yeye tulikuwa tumetoka magharibi kufuata kazi. Kanisa letu la mjini lilikuwa limeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa. Kulikuwa na jingine Sugoi, jingine Ainabkoi kule kwenye baridi, na mawili katika mashamba ya Makaburu, ambako watu walisali ndani ya banda la kuwekea majembe. Hayo matano yalijifunga pamoja, tukajiita Umoja.

Hatukuwa na mtu wa mshahara hata mmoja. Aliyejua kusoma alifundisha. Aliyekuwa na baiskeli alipeleka barua. Wengine walikwenda kukandika kanisa la wenzao Jumamosi, baada ya nyapara kuwaachilia, na Jumatatu walirudi shambani migongo ikiuma. Mimi nilikuwa na kalamu, kwa hiyo niliandika mapatano ya wazee. Mke wangu alikuwa na sindano na pasi ya mkaa, kwa hiyo alipewa kanzu.

Sisi hatubatizi kwa bakuli. Mtu huzamishwa mwili wote, akainuliwa. Mchungaji aliyeruhusiwa kubatiza alikuja mara moja kwa mwaka kutoka upande wa ziwa, na bwawa lilikuwa la mzungu mmoja aliyetupa siku moja tu, Jumapili moja kati ya kuvuna ngano na kulima. Anayeikosa siku ile, amekosa mwaka mzima.

Mwaka wa kwanza, kabla hatujawa na kanzu, nyapara mmoja aliingia majini na suti yake, na saa ya mnyororo kifuani. Nyuma yake alifuata mchunga ng'ombe aliyevaa gunia lililotobolewa matundu ya mikono. Watu walicheka. Yule mchunga ng'ombe aliinuka kutoka majini akilia, na kilio chake hakikuwa cha furaha. Tulipokaa wazee baada ya ibada, niliandika maneno haya kwa mkono wangu: hakuna atakayeingia majini ila amevaa kanzu ya Umoja, na kanzu zote ziwe sawa. Niliisoma sentensi ile mara mbili nikaipenda. Nilijua nimewatetea maskini.

Mwenye duka mmoja Mhindi alitupa kipande cha kitambaa cha amerikani, na kikatoa kanzu nane. Baada ya hapo vita vilimeza nguo zote, hata kupata ya kiraka ilikuwa shida. Zikabaki nane. Mke wangu alizishona kwa mkono, na katika pindo la kila moja alitia vijiwe vidogo vya mto Sosiani, ili maji yasiiinue kanzu na kumwaibisha mwanamke mbele ya watu. Hakuna aliyemfundisha. Kila mwaka, baada ya siku ya bwawa, alizileta nyumbani zikiwa na tope, akazifua, akazitia bluu ya kung'arisha nguo nyeupe, akazipiga pasi na kuzifungia sandukuni. Mtu akitembea na sanduku lile, vijiwe vilisikika ndani.

Mwaka wa kwanza wa kanzu alikuwa na mtoto mchanga, hakuomba. Wa pili akaomba. Wazee walimwita awajibu maswali, na mimi nikatoka nje, kwa kuwa mume hamuulizi mkewe. Ukuta ulikuwa wa udongo, nikasikia yote.

"Mama, kwa nini unataka kubatizwa?"

"Nimechoka kufua nguo za harusi za watu wengine."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. "Huyu amepita," akasema. "Huyu akiulizwa tena atatuuliza sisi."

Siku ya bwawa ilipofika, watu walikuwa tisa. Sugoi walikuwa wameleta mtu mmoja zaidi ya hesabu, aliyepata barua ya ruhusa ya mwajiri dakika za mwisho. Kwetu, mwenye nyumba hula mwisho. Mgeni hawezi kutembea njia yote ile halafu aambiwe chakula kimeisha, na wenyeji wa siku ile tulikuwa sisi wa mjini. Mke wangu alinitazama, nikamtazama, akampa mtu wa Sugoi kanzu. Niliona hata fahari kidogo.

Mwaka wa tatu alikwisha kuivaa kanzu. Alikuwa amesimama ukingoni na kitambaa kichwani, akitetemeka kwa upepo, ndipo bibi mmoja wa Ainabkoi akafika akichechemea. Kanisa lake lilimwacha nyuma kwa kudhani miguu yake haitaweza, naye akatembea peke yake tangu jana yake. Wazee walimwambia pole, kanzu zimekwisha, aje mwakani.

"Mwakani?" bibi akasema. "Wanangu, nikirudi hivi mwakani mtakuja kubatiza kaburi. Mtaweza? Mtalizamisha namna gani?"

Watu walicheka, na mke wangu akacheka kuliko wote. Akaenda nyuma ya kichaka, akarudi na gauni lake la buluu, kanzu mkononi.

"Vaa, Mama. Lakini ukisha kuokoka usinipe matope mengi."

"Mungu akubariki, binti yangu. Nawe uvae yako."

"Nitavaa. Mimi nakaa karibu na sanduku."

Mtu atauliza, kwa nini bibi hakuvuliwa alipotoka majini, mwingine akavaa? Hata mimi nimejiuliza. Waliobatizwa walisimama ukingoni na kanzu zao mbichi mpaka wa mwisho ainuke, kisha wote nane wakapanda mlima wakiimba kwenda kwenye meza ya Bwana. Ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza, na kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Na kwa nini hakuingia na gauni lake la buluu? Kwa sababu ya sentensi yangu.

Mwaka wa nne hakutoa yeye. Nilitoa mimi.

Ijumaa kabla ya bwawa, mpakiaji mmoja wa magunia pale ghalani, mtu wa kanisa letu, alikuja kuniambia ameandikishwa jeshini na anaondoka kwa gari moshi la Jumanne. Alisema haogopi kufa, anaogopa kufa hajabatizwa. Nilimjibu papo hapo, mkono juu ya gunia: "Utabatizwa Jumapili." Hesabu ilikuwa imejaa. Nilijua nafasi iliyokuwa mkononi mwangu ni ipi.

Nilimkuta mke wangu akipiga pasi. Nikamwambia. Hakuinua macho.

"Umeshamwambia?"

"Nimeshamwambia."

"Bila kuniuliza."

"Mama watoto, mtu anakwenda vitani."

Alipitisha pasi kutoka bega mpaka pindo, polepole, akikwepa vijiwe. "Ni sawa," akasema. "Maji yenyewe nayajua. Nimeyakamua miaka yote hii kutoka kwenye nguo zao." Kisha akasema, "Lakini ile ya kwanza tulitoa wote wawili. Ya bibi nilitoa mimi. Hii, Baba watoto, umeniibia."

Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniambia neno kali kuliko hilo. Jumapili alikuja bwawani kama kawaida, akawapokea waliotoka majini kwa blanketi, akamfunga yule askari vifungo vya shingo kwa mikono yake. Jumatatu alikwenda mtoni na kanzu.

Mvua ndefu ilipoanza, kifua kilimshika. Wanawake wa Umoja walipokezana kwetu, wa mjini leo, wa Sugoi kesho, wakipika uji, wakimgeuza, wakiwabeba watoto, hakuna aliyewatuma na hakuna aliyewalipa. Nawashukuru hata leo. Daktari wa hospitali ya Waafrika alimtazama, akampa dawa ya chupa, akasema tungoje. Tulingoja.

Asubuhi moja alinishika mkono.

"Mwaka huu usimpe mtu."

"Simpi mtu. Naapa. Wewe wa kwanza kuingia, kabla ya wote."

"Bwawani ni mbali sasa." Akapumzika kidogo. "Kuna pipa la mvua hapo nje. Huwezi wewe?"

Nilikuwa nimefundisha makanisa matano kwamba asiyewekewa mikono kuwa mchungaji habatizi. Nilikuwa nimewakemea watu kwa jambo hilo. Nikamwambia, kwa upole, nakumbuka nilisema kwa upole, "Tumngoje mchungaji. Nimemwandikia barua. Atakuja mapema."

"Haya," akasema. "Mimi na kungoja tumezoeana."

Alifariki siku ya tatu baada ya hapo. Barua niliyomwandikia mchungaji ilikuwa bado haijajibiwa.

Wanawake walipomwosha, bibi wa Ainabkoi, yule wa miguu mibovu, alitoka nje akanijia. Alikuwa ameletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe.

"Baba, tupe kanzu moja tumvike."

"Mama, kanzu ni za Umoja. Ni za wanaobatizwa."

"Ninayotaka alijivua akanivika mimi."

"Najua, Mama."

"Unajua, na bado unasema?"

"Zikibaki saba, mwakani mtu mmoja atarudi nyumbani. Yeye mwenyewe asingekubali."

"Mwanangu," akasema, "usimsingizie marehemu." Akarudi ndani.

Tulimzika na gauni lake la buluu. Watu walikuja kutoka makanisa yote matano, wengine bila barua za ruhusa, wakijua watakatwa malipo ya siku zao. Kaburi walilichimba bila kuombwa, wakaimba vizuri. Mimi nilishukuru kwa maneno machache, nikakaa.

Najua ninachoamini. Maji hayaokoi mtu. Yule mwizi msalabani hakuona bwawa, na siku ile ile aliahidiwa kuwa peponi. Nimewahubiria wengine haya kwenye misiba yao, na ni kweli, nami nayashika. Sina hofu juu ya mahali alipo. Kinachonivunja moyo ni kitu kidogo zaidi. Aliniomba jambo moja, na nilikuwa nalo mkononi.

Siku ya bwawa ikafika tena. Nilibeba sanduku mwenyewe, vijiwe vikilia ndani kila hatua. Kila kanisa lilileta watu wake kwa hesabu, nikagawa kanzu. Moja ikabaki. Mtu mmoja wa kanisa la shamba la pili, aliyekuwa kwenye hesabu, alikuwa amehamishwa na mwajiri wake wiki ile ile, hakuna aliyejua ameenda wapi. Niliishika kanzu, nikazungusha macho ukingoni kote.

Mchungaji, akiwa tayari majini hadi kiunoni, akauliza kwa sauti, "Yupo mwingine?"

Bibi wa Ainabkoi alikuwa amekaa kwenye nyasi. Alinitazama mara moja, akaangalia maji. Niliiweka kanzu juu ya majani, imekunjwa kama mke wangu alivyoikunja, maana tangu mwaka uliopita hakuna aliyeikunjua.

Saba walibatizwa. Baada ya meza ya Bwana niliwaomba wazee ruhusa, nikasimama, nikasema nataka mstari niliouandika ufutwe. Mmoja akauliza sababu. Niliwaambia anayetaka kuingia na gauni lake la buluu aingie. Wakasema ufutwe, na nikaufuta kwa kalamu ile ile.

Wanawake waliomba kuchukua kanzu wakazifue. Niliwashukuru, nikakataa. Nilishuka Sosiani peke yangu jua likiwa bado juu, nikazifua zile saba vibaya, nikayakamua maji kwa mikono isiyozoea, na vijiwe vikaniumiza vidole. Ya nane niliirudisha sandukuni ilivyokuwa. Ilikuwa kavu, na bluu aliyoitia ilikuwa bado haijatoka.