Karatasi Nyeupe Kutoka Jalada Jekundu

Mama mwenye kilabu cha pombe ya komoni, ukingoni mwa mbuga ya Usangu, alikatwa panga mara tatu, mchana, mbele ya wateja wake. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili liliangukia mkono alioinua kujikinga, na la tatu likaondoka na vidole viwili. Mitungi yake yote ilivunjwa na nyumba ikachomwa. Nayajua haya kwa sababu siku mbili baadaye nilikwenda pale nikayaandika kwenye daftari, na kwa sababu karatasi iliyomponza niliiandika mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini Mbeya, kijana niliyetoka Iringa, mwenye mwandiko mzuri na cheti cha kupiga chapa. Majalada meupe yalikuwa ya wazi, ya buluu ya ndani, mekundu ya siri. Rangi ilifuata habari, haikufuata mtu. Karatasi ikishaingia jalada jekundu, hata aliyeiandika hakuweza kuisoma tena bila kibali, na neno lililotoka humo, popote lilipoandikwa, lilikwenda na wekundu wake. Mtu pekee aliyeweza kushusha rangi alikuwa mkuu wetu, tena kwa saini yake.

Miaka mingi baadaye, kompyuta zilipoingia maofisini nami nikajifunza kuandika programu, nilipewa kazi kwenye mfumo endeshi wenye sheria hiyo hiyo. Kila faili lilikuwa na lebo, kila programu ilikuwa na lebo, na kiini cha mfumo ndicho kilichozilinganisha kila mara, bila kumsikiliza mwenye faili. Programu iliyosoma cha siri haikuruhusiwa kuandika kwenye cha wazi. Vijana niliofanya nao kazi walilalamika. Kwa nini mtu asijichujie mwenyewe? Asome cha siri, aondoe yasiyofaa, yanayobaki ayaweke wazi. Sikuwajibu vizuri siku ile. Mimi nilikuwa nimeshawahi kuchuja.

Nilichuja barua ya siri, kule masjala Mbeya, iliyotoka kwa katibu kata wa kule mbugani. Familia moja ya wafugaji iliyohamia kutoka kaskazini ilikuwa imegombana na wakulima, kwa kuwa ng'ombe waliingia kwenye mpunga. Kijana mmoja wa kijiji alikuwa ameshavunjwa taya kwa fimbo, na mchungaji mmoja alikuwa amechomwa mkuki pajani. Sasa vijana walipanga kuvamia boma siku ya gulio na kuua kila watakayemkuta. Walipanga wakiwa wanakunywa, na mwenye kilabu aliyewasikia akaenda kumwambia katibu. Katibu aliandika jina lake kamili.

Mkuu aliisoma, akaitia jalada jekundu, akaandika chini yake kwa wino wa kijani: mgambo wapelekwe, familia ihamishwe kabla ya gulio, mtoa habari asijulikane kwa namna yoyote. Kisha akaondoka kwenda mkutanoni Iringa kabla ya kusaini jibu. Simu ya Iringa ilikuwa imekatika tangu mvua zianze.

Siku mbili kabla ya gulio katibu kata alishuka kwenye lori la mchele, vumbi mpaka kwenye kope.

"Kamwene," alinisalimia. "Nimefuata jibu langu."

"Lipo, ndugu katibu, ila liko kwenye jalada la siri. Mkuu yuko Iringa."

"Basi nisomee barua yangu mwenyewe, nijue kama ilifika."

"Hata hiyo siwezi."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Niliiandika kwa mkono huu. Imekuwa siri kwangu mimi? Mmeiroga?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

"Utaratibu! Kamanda wa mgambo hainui mguu bila karatasi ya Mbeya. Mle bomani kuna watoto sita. Wakichinjwa nitatuma mtu akuite, uje uwapange kwa urefu, maana wewe unapenda vitu vipangwe."

Nilimwacha kwenye benchi, nikafungua kabati. Niliweka karatasi nyeupe kwenye mashine na kupiga chapa agizo la mkuu, mistari minne. Jina la yule mama sikuliweka. Nikasaini kwa niaba ya mkuu, nikagonga muhuri. Nilisoma mara mbili kuhakikisha jina halipo, na halikuwapo.

Lakini ofisini kwetu barua bila mstari wa YAH haikuwa barua. Tulifundishwa kwamba kichwa cha habari cha jibu kifanane neno kwa neno na cha barua inayojibiwa, la sivyo majalada yatapoteana. Vidole vyangu vilijua hilo kuliko mimi. Juu ya ile mistari minne, kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, nilikuwa nimechapa: YAH: TAARIFA YA MWENYE KILABU KUHUSU UVAMIZI WA BOMA. Kijiji kile kilikuwa na kilabu kimoja.

Katibu aliikunjua, akaangalia agizo na muhuri, akaikunja tena. "Karani," alisema, "kumbe una damu mwilini."

Kamanda wa mgambo alipanga watu wake mstari na kuwasomea karatasi kuanzia juu mpaka kwenye muhuri, kama karatasi yoyote nyeupe inavyosomwa. Siku ya gulio, alfajiri, walihamisha familia ile na ng'ombe wake. Hakuna aliyekwaruzwa. Saa sita vijana walifika na mapanga, wakakuta boma tupu. Walilichoma. Ndama mmoja kilema alikuwa ameachwa, wakamkatakata mpaka hakujulikana kichwa wala mkia. Mgambo mmoja alikuwa na mdogo wake kati yao. Alimwambia kichwa cha barua kilivyosema.

Nilipofika mimi kilabuni kwa yule mama, majivu yalikuwa yameloa mvua. Nilihesabu vigae vya mitungi tisa. Kwenye nguzo ya mlango palikuwa na alama ya panga, kina cha kidole, pigo lililomkosa. Mteja mmoja, mtu wa makamo aliyefungwa kitambaa kichwani, alinionyesha alipokuwa amekaa.

"Walikuja wakamwomba pombe kwanza," alisema. "Akawapa. Wakanywa. Halafu yule mkubwa akamwuliza, mama, Mbeya wanakufahamuje? Yeye akadhani utani. Akasema, wananifahamu kwa komoni yangu."

"Na ninyi mlifanya nini?"

"Mimi nilirusha kiti." Aligusa kitambaa. "Wengine walirusha miguu."

Mkuu aliporudi kutoka Iringa aliiona nakala yangu kwenye jalada jeupe, mahali pake, namba yake pembeni. Alinipiga kofi nikaangukia kabati. Hakunifukuza. Alisema, "Watoto sita wako hai, hilo ndilo linalonizuia," akatoka nje kuvuta sigara.

Jumamosi nilipanda kutoka mtaa wa Soweto nilikokaa mpaka hospitali. Yule mama alikuwa amelala chali, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, uso umevimba upande mmoja. Nilimwambia mimi ni nani. Alinitazama kwa lile jicho lililofunguka.

"Katibu aliniapia," alisema. "Aliniambia, mama, wewe huonekani. Jina langu liliandikwa?"

"Hapana, mama. Nililitoa."

"Ulitoa jina," alisema polepole, "mimi mwenyewe ukaniacha humo humo."

Muuguzi alikuja na beseni na mkasi, akaniambia nitoke, ni wakati wa kubadilisha bandeji.

"Asitoke," mama alisema. "Mshikishe hilo beseni."

Nililishika. Bandeji ilikuwa imegandamana na nyama, na muuguzi aliivuta kwa kuilowesha, tabaka moja baada ya jingine. Mama aling'ata shuka. Kila nilipogeuza uso pembeni alilitema akasema, "Angalia, karani," kisha akaling'ata tena.