Kioo Kikubwa cha Khamala

Khamala wa Shieywe huchora ramani za nyumba mchana na kucheza gemu jioni, yote kwenye laptopu ndogo inayomuumiza macho. Alipima meza, akabishana na wauzaji kuhusu inchi, mwishowe akachagua. "Kesho naleta kioo kikubwa," alimwambia mkewe, Rispa. Alisema kioo kama mafundi wa simu wanavyoita skrini.

Rispa akapangusa ukuta wa chumbani, akapigilia msumari. Kwani kioo ni cha nini kingine?

Boksi lilipofunguliwa, hakugomba. Alikaa mbele ya skrini hiyo nyeusi, akajitazama, akaweka kitambaa chake sawa. Khamala alisimama na waya mkononi.

"Usiwashe kwanza," Rispa alisema. "Ukishawasha, mimi sionekani tena."